Toeni chumba, mawaidha tumeshayasikia



Leo si habari ya vitambulisho wala ya kijana aliyebebwa usiku na gari lisilo na namba. Leo ni pombe. Na najua kuna mtu ashaanza kuandika pale chini kwamba hii si kazi yetu, tuwaachie maimamu. Ndugu yangu, mtu anayekufa polepole kwenye chumba cha uani huku familia ikiwaambia majirani "ana presha", huyo naye ana haki zake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Sijaona pale mahali palipoandikwa isipokuwa mlevi.

Tuanze na uongo ambao sote tumekubaliana nao, kwamba sisi hatunywi. Uliza kwenye kamati nyingi za misikiti hapa Pwani, utaambiwa shida yetu ni unga, pombe ni ya watu wa bara. Haya. Na kule mangweni saa nne za asubuhi mnazi unanywewa na nani, popo? Wale mabarobaro wanaokunja kofia na kuitia mfukoni wakivuka daraja kwenda Mtwapa ni kina nani? Utafiti wa NACADA wa 2022 ulisema katika kila Wakenya 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja ana uraibu wa pombe. Ni zaidi ya watu milioni 1.3. Unataka niamini hesabu hiyo ilifika Mariakani ikageuza gari?

Uongo huu una gharama, na anayeilipa ni yule anayetaka kuacha. Anayetaka kunywa ameandaliwa kila kitu: leseni, taa za rangi, muziki, mpaka bodaboda wa kumrudisha nyumbani. Aliyechoka kunywa ana milango mitatu tu, na yote mitatu inafungwa usoni mwake.

Wa kwanza ni wetu wenyewe. Anakwenda kwa ustadhi, anapewa mawaidha nusu saa kwamba pombe ni mama wa maovu. Kana kwamba hajui! Anaambiwa atubu. Anatubu kweli, analia kweli. Usiku ule ule mikono inaanza kutetemeka, siku ya tisa amekunywa tena. Akirudi kwa ustadhi anakuta uso umebadilika. Mara ya tatu harudi.

Wa pili ni familia. Wajomba wanakutana, wanamfungia chumbani wiki nzima, "mpaka imtoke." Hapa naomba msikilize kwa makini manake hili linaua. Arosto ya pombe si kama ya sigara. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatiwa ghafla anaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, mwili kuchemka, moyo kwenda mbio, na akafa pale pale mkekani huku ndugu zake wakidhani ni jini linatoka. Hospitalini hali hii ina dawa zake za kawaida, diazepam na vitamini B1, na mtu wa kumwangalia. Kwa hiyo kama mtu wako anatetemeka asubuhi mpaka apate ya kwanza, usimfungie. Mpeleke kwa daktari kwanza, mambo mengine baadaye.

Mlango wa tatu ni serikali, nayo huamka watu wakishakufa. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Mwaka uliofuata ukaja msako wa rais, mapipa yakamwagwa, kamera zikapiga picha. Februari 2024 watu wakafa tena kule Kirinyaga, na mwezi uliofuata zikatangazwa amri nyingine. Pombe imemwagwa nchi hii mpaka ingejaza bwawa. Waliokuwa wakiinywa walikwenda wapi kesho yake? Hakuna aliyeuliza.

Kinachokosekana katikati ya milango hii mitatu ni kitu rahisi mno, na pengine ndiyo sababu hakuna mkubwa anayekitaka. Ni watu waliokuwa walevi, wamekaa chumba kimoja, siku na saa ile ile kila wiki, wakisaidiana kutokunywa leo. Basi.

Mfumo huu una historia inayofaa kujulikana. Mei 1935 dalali mmoja wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa Akron, jimbo la Ohio huko Marekani. Biashara ilikuwa imemharibikia, amesimama ukumbini mwa hoteli, baa iko pale. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Badala ya kuingia baa alikwenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa mmoja baada ya mwingine akiuliza kama wanamjua mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Hakutafuta wa kumhubiria, alitafuta mwenzake. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, mlevi kama yeye. Daktari huyo alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka ule, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ile AA mnayoisikia.

Ndani ya mkutano hakuna maajabu. Saa moja, saa moja na nusu. Mtu anafungua, kunasomwa kidogo, kisha anayetaka kusema anasema na asiyetaka ananyamaza. Hukatizwi, hujibiwi, hupewi ushauri usiouomba. Jina ni moja tu la kwanza, na hata hilo si lazima liwe la kwenye kitambulisho. Hakuna ada wala fomu. Sharti la kuwa mwanachama ni kutaka kuacha kunywa, si kwamba uwe umeshaacha. Iko mikutano ya wazi ambayo hata ndugu anaweza kuingia kusikiliza, na iko ya faragha ya wenye tatizo peke yao. Ukikaa kaa unatafuta mtu aliyekutangulia, wanamwita sponsa, ambaye unampigia saa nane za usiku koo linapowasha. Hebu niambie ni imamu gani anayeweza kupokea simu za watu 30 saa nane za usiku.

Na kwa wale wanaosema hayo ni maneno tu, hayana dawa: Machi 2020 jopo la Cochrane, watu ambao kazi yao ni kupima ushahidi wa tiba, lilikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Programu zinazomuunganisha mlevi na mikutano ya AA kwa utaratibu mzuri zilimsaidia kukaa bila pombe sawa na matibabu mengine yanayotambulika, na mara nyingi zaidi yao. Vituo vya kulazwa vya kibinafsi vinataka makumi ya maelfu ya shilingi kila mwezi, na ukitoka siku ya 90 unarudi mtaa ule ule. Mkutano ni bure, na unakungoja mtaani hapo hapo.

Basi kwa nini watu wetu hawaendi? Nitawaambia kilichotokea, jina la mwenyewe nalisitiri. Barobaro mmoja wa mtaani alinijia baada ya Isha, akaniambia, "Kaka, nitafutie pa kwenda, lakini mamangu asijue." Nikachukua simu. Namba ya kwanza niliyopewa na ofisi moja ya umma ilikuwa imezimwa. Ya pili akapokea mama mmoja, akaniambia mwanangu, mkutano huo ulikufa tangu wakati wa korona. Mahali pa tatu tulikwenda kwa miguu yetu, tukakuta ni duka la vipuri vya pikipiki. Wiki ya pili ndipo tukapata kikundi kilicho hai, matatu mbili kutoka kwetu, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Akaingia. Walikuwa watu tisa, wakampa chai, hakuna aliyemuuliza dini yake. Alitoka akaniambia ni mara ya kwanza kusikia mtu mwingine akisema mambo ambayo yeye alidhani yako kichwani mwake tu.

Siku ya tatu mtaa mzima ukawa na habari kwamba ameritadi. Kuna aliyemwona akiingia.

Yaani kijana huyu alikuwa akilala mtaroni na watu wakimruka. Hakuna aliyemfuata mamake usiku ule. Lakini alipoingia ukumbi wa kanisa kuacha pombe, wazee watatu walikwenda kwa mamake siku hiyo hiyo. Hasira zangu ziko hapo, wallahi. Hatukuona haja ya kumpa chumba, lakini tulikuwa na muda wa kumlinda mlango wa wenzetu waliompa.

Na nasema wazi: makanisa haya yametufanyia wema. Wana kumbi, wamezifungua, hawajauliza. Ni kweli mfumo wa AA ulitoka kwenye kikundi cha Kikristo na iko mikutano inayofungwa kwa dua yao. Muislamu anaweza kukaa kimya dakika ile moja. Hatua zenyewe zinazungumzia nguvu iliyo kubwa kuliko wewe na zinamwachia kila mtu Mungu kama anavyomjua. Kukiri kwamba umeshindwa na unamhitaji Mola wako, kujihesabu, kurudisha haki za uliowadhulumu, kuwaomba radhi: ni lipi hapo tusilolijua? Tunaliita tawba.

Tena wako Waislamu waliolifanya kabla yetu. Mwaka 1989 huko Baltimore, Marekani, ndugu Waislamu walianzisha Millati Islami, wakaziandika upya hatua zile 12 kwa msingi wa Uislamu. Iran pombe adhabu yake ni viboko, na bado mikutano ya hatua 12 ya walioacha dawa za kulevya imejaa nchi nzima, na 2015 serikali yao ilitangaza mpango wa vituo vya kutibu uraibu wa pombe. Nchi ya viboko imekubali kwamba ina walevi! Na kama Iran ni mbali, Zanzibar si mbali. Zanzibar wana nyumba za soba zinazofuata hatua hizo hizo, vijana wa Kiislamu, wanaswali na wanafanya mikutano nyumba moja. Sana sana ni za waliokuwa kwenye unga, lakini njia ni hiyo hiyo. Jahazi linafika kule. Fikra ndiyo iliyokwama bandarini.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu. Wanazuoni husema mtu aliyesitiriwa na Mola wake asijifunue, asitangaze dhambi zake. Ni kweli, na anayejisifu barazani jinsi alivyolewa harusini huyo ndiye anayetangaza. Lakini mgonjwa anayemwonesha daktari kidonda hajajivua nguo sokoni. Chumba kilichofungwa, majina hayatajwi, kinachosemwa hakitoki nje: mimi naona hiyo ni sitara iliyoandaliwa vizuri kuliko tuliyo nayo kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Waulizeni mashekhe mnaowaamini, nami nitakaa nisikilize. Ila mkiuliza, wakumbusheni pia yule sahaba katika Bukhari aliyekuwa akiletwa kwa ulevi mara kwa mara. Adhabu alipewa, lakini mtu alipomlaani, Mtume (s.a.w.) alikataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Mlevi aliyerudia na kurudia. Sisi wetu tunamnyima hata salamu.

Sasa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kaunti leseni za pombe. Jedwali hilo hilo limeipa hospitali za kaunti na udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hivyo mkono unaopokea pesa za baa ndio uliopewa kazi ya kumtibu aliyeharibiwa na baa. Ushuru wa leseni unaingia kila mwaka, hakuna mwenye baa anayesahauliwa. Nataka kuoneshwa kwenye bajeti ni shilingi ngapi kati ya hizo zinarudi kununua vitanda vya kumtolea mtu pombe mwilini kwa usalama kwenye hospitali za kaunti ndogo. Na wakati tunangojea hilo, kuna jambo lisilohitaji hata shilingi: karatasi moja, mikutano iliyo hai, mahali, siku na saa, imebandikwa kila zahanati na kuhakikiwa kila miezi mitatu. Kijana asitembezwe wiki mbili na namba zilizokufa.

Ndugu wa MCA ameshanipigia kuniambia mheshimiwa yuko tayari kudhamini. Ahsante, hapana. AA hawapokei msaada kutoka nje, wanajichangia wenyewe, na hiyo ni kanuni yao ya miaka mingi. Kikundi kikivalishwa fulana ya mtu, siku ya kampeni wote watapangwa mstari wapigwe picha. Mheshimiwa akitaka kusaidia, kitanda cha hospitali kiko pale.

Wanawake nao. Nikisema mlevi mnaona mwanamume. Wako dada zetu wanaokunywa, tena peke yao, chupa imefichwa kwenye ndoo ya nguo, na hawa hata mlango wa ustadhi hawaugongi. Hawatakaa chumba chenye wanaume kumi wa mtaa mmoja. Wanahitaji mkutano wao, wa mchana, nyumba ya mtu anayeaminika, watoto wakiwa shule. Na wake na mama wa walevi wana wao pia: Al-Anon ilianzishwa 1951 kwa ajili ya familia, kwa sababu anayeishi na mlevi naye huumwa kwa namna yake. Mama anayelipa madeni ya mangwe kwa siri kila mwisho wa mwezi anahitaji wa kumwambia kwamba si yeye aliyemlewesha mwanawe, na kwamba akiacha kulipa hajamkana.

Kwa anayesoma hapa kimya kimya, hajagusa hata kitufe cha kupenda, manake najua uko. Namba ya NACADA ni 1192, bure, saa 24. AA wana programu ya simu inaitwa Meeting Guide, na tangu 2020 mikutano mingi iko kwenye Zoom, unaweza kuzima kamera ukasikiliza ukiwa ndani ya chandarua. Ukipata anwani ya mkutano, piga kwanza uulize kama bado upo. Ukiingia wa kwanza usipoupenda, jaribu mwingine kabla ya kukata tamaa, vikundi havifanani. Na ukianguka baada ya wiki mbili, rudi. Pale hawakuandiki.

Nimalizie na kamati za misikiti, manake ujumbe huu ni wenu hasa. Karibu kila msikiti mkubwa wa mji huu una chumba cha madrasa kinachofungwa jioni watoto wakiondoka, mpaka kesho. Hatuombi minbari. Hatuombi harambee. Tunaomba ufunguo, Jumatano baada ya Isha, saa moja na nusu, taa, mkeka na birika. AA wenyewe wanasema watu wawili au watatu wakikusanyika kwa nia ya kuacha, kikundi kimepatikana, hawahitaji ruhusa ya yeyote. Masharti yetu kwenu ni mawili. Imamu asiingie kutoa darsa mle ndani, wanaosema mle ni walioumwa tu. Na pasiwe na mtu wa kamati amesimama mlangoni kuangalia nani ameingia. Chumba kikiwa na mlango wa upande wa nyuma, bora zaidi.

Vyumba viwili tumeshaahidiwa, kimoja Kisauni na kimoja Likoni. Ahadi si ufunguo, tunangojea. Mwenye chumba atuandikie inboksi, aseme mtaa na siku gani kiko wazi. Anayehitaji mkutano naye aje inboksi, na tafadhali usiandike jina lako wala la ndugu yako hapo chini kwenye komenti, tutalifuta.